Mlango wa Mjomba Funguo

Shemeji yangu alisikika kabla hajaonekana. Funguo za maabara zilining'inia kiunoni mwake, na akipita kwenye ukumbi wa idara ya kemia, wanafunzi waliokuwa wakipiga soga walishusha sauti wenyewe. Ndio waliompa jina la Mjomba Funguo. Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho, na hata mimi, katibu muhtasi wa idara, nilikuwa nalikumbuka nikimwandikia barua tu.

Alikuwa fundi wa maabara. Aliosha vyombo vya kioo, alichanganya dawa za majaribio, alibandika lebo kwa mwandiko wa mtoto anayetaka kusifiwa na mwalimu. Ukimwomba apime kitu, alipima mpaka kwenye mstari, si juu wala chini. Stoo ya dawa ilikuwa yake. Mkuu wa idara mwenyewe akitaka kuingia alipiga hodi, na akijibiwa "subiri kidogo", alisubiri. Shemeji hakuwa na shahada, hakuwa na gari, na maneno pia hakuwa nayo. Heshima yake yote ilikuwa pale mlangoni.

Dada yangu, mkewe, alipofariki, shemeji hakulia. Alijikaza kisabuni, akapanga viti vya wageni, akauliza nani hajapata maji. Nilimchukia kidogo kwa hilo. Miezi ilipopita, akaanza kusahau lebo. Asubuhi moja nikamkuta ameketi kwenye sakafu ya ukumbi, nje ya stoo aliyokwisha kuifunga, machozi yanamtoka bila sauti.

"Shemeji," akaniambia, "nimechoka kuamka."

Nilimshika mkono, nikampeleka mwenyewe Kitengo cha Ustawi, mchana kweupe, watu wakitutazama. Ni chumba kidogo mwisho wa jengo la utawala, chenye viti viwili, boksi la tishu na picha ya maporomoko ya maji ambayo hakuna aliyewahi kuipenda. Mshauri nasaha ni dada mmoja mpole, kila baada ya sentensi anasema "nakusikia". Nilidhani ni porojo. Nisiwe mnafiki, yule dada alimsaidia. Shemeji alianza kulala, akaanza kula, na siku moja akanitania kwamba viatu vyangu vipya vinalia kama mlango usiotiwa mafuta. Nilikwenda chooni nikalia kwa furaha.

Kisha ikaja Wiki ya Ustawi, na bango lake kubwa la "Tuzungumze". Kila mwaka wanafunzi hupanda jukwaani kutoa ushuhuda, lakini mfanyakazi hajawahi. Safari hii naibu mkuu wa chuo alimtaka mfanyakazi. Mkuu wa idara akaenda stoo, akapiga hodi kama kawaida, akampaka shemeji mafuta kwa mgongo wa chupa: wewe ni mfano, Mjomba, ukisema wewe wenzako watafunguka, hapa sote ni familia.

Mshauri alimwonya. "Si lazima, baba. Na ukisema, si lazima useme yote."

Lakini alikuwa akimwambia mtu asiyejua kupima nusu.

Alipanda jukwaani na koti lake jeupe. "Kuna asubuhi nilisimama stoo," alisema, "nikaitazama rafu ya juu, ile ya sumu. Nikajua nikibaki mle, sitoki. Nikatoka. Nikafunga, nikampa mtunza bustani funguo akae nazo mpaka jioni. Baadaye nikamweleza dada mshauri. Leo nipo." Ukumbi mzima ulisimama. Naibu mkuu alijifuta macho, keki ikakatwa, picha zikapigwa. Na mimi nilipiga makofi mpaka viganja vikauma.

Jumatatu ufunguo wake ukagoma. Akautoa, akaufuta kwenye koti, akaujaribu tena. Mkuu wa idara akatokea nyuma yake, wanafunzi wamepanga foleni wanasubiri kipindi.

"Usihangaike, Mjomba. Tumebadilisha kitasa. Ni kwa usalama wako."

"Usalama wangu?"

"Si ulisema mwenyewe? Rafu ya juu."

"Nilisema nilitoka."

"Ulisema pia ulisimama."

Shemeji alifungua mkanda, akautoa mkufu wa funguo, akauweka juu ya meza yangu bila kunitazama. Nilimfuata mkuu ofisini nikamwambia kwamba mtu aliyejitoa mwenyewe na kufunga ndiye wa kuaminiwa na ufunguo kuliko sisi wote. Akanisikiliza vizuri sana. "Likitokea jambo," akasema, "nani ataulizwa?" Hapo nikaelewa kwamba kifo cha shemeji yangu kisingemsumbua hata kidogo, alichokiogopa ni kuulizwa. Nilitamani kumtemea mate.

Mshauri naye alipokwenda kulalamika, aliambiwa ashukuru, amepata msaidizi. Ndivyo shemeji alivyofanywa Balozi wa Ustawi. Walimpa fulana ya njano na kiti nje ya kile chumba, agawe vipeperushi. Wahadhiri waliokuwa wakimwogopa sasa wanainamisha kichwa upande, wanamwuliza "unaendeleaje, Mjomba?" kwa sauti ya kuongea na mgonjwa. Wanafunzi bado wanashusha sauti akipita. Juzi nilimsikia mmoja akiwaambia wenzake wasimwachie Mjomba hata chupa ya maji, asije akajiua nayo, na wakacheka wote. Shemeji alicheka nao. Hilo liliniuma kuliko kicheko chao.

Jana nilimpelekea chai. Mhadhiri mmoja kijana, yule anayejulikana jengo zima kwa kicheko chake, alikuwa amesimama karibu akijifanya anasoma ubao wa matangazo. Macho yalikuwa mekundu. Aliiona ile fulana ya njano, akageuka aondoke.

"Mwalimu," shemeji akamwita kwa sauti ya chini. "Ingia. Yule dada anajua kazi yake."

"Nitapita siku nyingine."

"Ingia leo. Ila wakija kukuomba upande jukwaani, sema ulikuwa na vidonda vya tumbo."

Kijana alitabasamu nusu, akaingia. Shemeji akaufunga mlango taratibu, akaketi wima, na kwa mara ya kwanza tangu ile Jumatatu nilimwona ana kazi.

Chai haijapoa, mkuu wa idara akaja na wageni kutoka chuo kingine, waliotaka kujionea kitengo kinachosifiwa. Shemeji akasimama mbele ya mlango.

"Subiri kidogo," akasema. "Kuna mtu."

Mkuu akawageukia wageni. "Huyu ndiye balozi wetu niliyewasimulia. Yule wa stoo." Akamshika bega, akamsogeza pembeni kama anavyosogezwa mtoto, akafungua.

Kijana alikuwa ameinama, tishu usoni, mabega yanatikisika. Wageni wote walimwona. Mmoja alimjua, akamtaja kwa jina.

"Samahani, endeleeni tu," mkuu akasema, akawaongoza wageni kwenda maktaba. Mlango akauacha wazi.

Shemeji aliurudisha. Mkono ukaenda kiunoni, ukakuta fulana. Mlango ule hakupewa ufunguo wake, kwa hiyo aliuegemea kwa mgongo, akabaki amesimama hapo mpaka yule kijana alipomaliza kulia.