Kuku Tuliyempokea Njia ya Kasugho

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Butembo, mkubwa wa programme ya medali za vijana alinipa filimbi na boussole, dira ya kuonyesha njia, akasema: "Paluku, weye njo encadreur sasa. Batoto batembee mu ligne, kimya, hapana makelele!" Encadreur ni mtu wa kulea kundi la vijana. Medali ya shaba ilitaka mambo matatu: kujifunza ufundi, kufanya salongo, kazi ya jamii bila malipo, na safari ya miguu, vijana peke yao na mizigo mgongoni, encadreur akiwafuata kwa mbali. Vita ilikuwa imefunga shule nyingi, basi vijana walikuja kwa wingi.

Safari yetu ya kwanza ilielekea Kasugho. Niliwapanga mimi mwenyewe: mashati ya kijani, ligne moja, mstari ulionyooka, kimya kabisa. Ole wangu! Nilipowafikia kwenye kijiji kimoja nilikuta milango wazi, sombe, mboga ya majani ya muhogo, inaungua motoni. Watu walikuwa wamekimbilia porini. Alibaki koko mmoja, bibi kizee asiyeweza kukimbia, amepiga magoti mbele ya Kavira, msichana aliyeongoza kundi, anamshikisha kuku.

"Chukueni, batoto yangu. Lakini mutuachie bajukuu betu."

Kavira alikuwa akilia. "Koko, siye hatuko basoda! Tuko banafunzi ba Butembo."

Akamrudishia kuku. Koko akamsukumia tena, maana siku zile musoda, yaani askari, aliyekataa kuku alitaka kitu kikubwa kuliko kuku. Nikajaribu kueleza: medali, boussole, salongo. Kila neno lilimzidishia woga. Haya ilinishika hata nikashindwa kumtazama usoni. Mwishowe nikamwambia Kavira: "Pokea, tuondoke, watu warudi kabla ya mvua." Tukaondoka na kuku.

Kavira alimfuga kwao, akitaka kumrudisha. Lakini mapigano yalifunga njia, na kuku akafa kwa ugonjwa.

Siku ya medali, kule Beni, mkubwa alipiga makofi: "Hawa batoto banatembeaka sawa basoda ba kweli!" Vijana wakaangalia chini. Kavira hakuja.

Toka hapo mpaka nilipostaafu, kundi langu lilitembea likiimba, kila mtu na nguo zake, na mmoja alitangulia kusalimu chifu wa kijiji. Mkubwa alikasirika, na akasirike! Leo ninyi vijana wa programme mnaonisikiliza mnanipa kiti cha mbele. Asanteni, lakini haya haijanitoka. Yule koko, kama angali hai, anawasimulia wajukuu wake kwamba basoda walipita, wakachukua kuku wake. Na kweli tulimchukua.