Mawese Miguuni mwa Paka

Kaka yangu ana sebule ambayo haikaliwi na mtu. Ina mlango wake, kitasa chake na ufunguo wake, na ufunguo huo hautoki mfukoni mwake. Nyumba yenyewe iko Kasulu, pale mteremko unapoanza, ina bati la msauzi la rangi ya damu ya mzee na nguzo mbili nene mbele ambazo hazijabeba kitu chochote tangu zijengwe. Hela ya kujengea ilitoka kwenye maharage. Anayanunua Munanila, anayanunua Murungu, anayauza kwa wenye malori, na kila mwaka mambo yakimnyookea anaongeza kitu ambacho hakuna aliyekiomba.

Mimi ndiye dada yake anayemfuata. Nashona nguo sokoni na nalala kwenye chumba cha uani, jirani na jiko. Mama yetu, kwa kuwa ni mama wa mwenye nyumba, amepewa chumba cha ndani chenye dirisha dogo, kinachopakana na sebule. Macho yake yamefifia kwa mtoto wa jicho. Ukisimama mbele yake anakujua kwa sauti, na ukinyamaza anakujua kwa harufu ya sabuni.

Mwaka jana, mvua za mwanzo zilipoanza, panya walihamia kwenye silingi bodi. Mama akalalamika kwamba wanakimbizana juu yake usiku kucha kama watu wanaohama. Kaka akaleta sumu. Mama akasema sumu haitaki, anataka paka. Basi jirani yetu akamletea.

Jirani huyu ni mjane anayeuza unga wa muhogo. Nyumba yake ya matofali ya kuchoma iko ng'ambo ya migomba yetu. Alizaliwa Burundi, akaingia nchi hii akiwa mgongoni mwa mama yake, na uraia wake ni halali sawa na wa kaka. Yeye na mama wamejuana tangu kaka hajaota ndevu. Kila jioni alikuwa anapita kati ya migomba, anasema "Mwiriwe," anavuta kigoda, na wawili hao wanaanza kuchambua maharage na watu. Mmoja anasema Kiha, mwingine Kirundi, wala hakuna aliyewahi kumwomba mwenzake arudie. Jumapili alikuwa anakuja kumshika mama mkono waende kanisani. Wenzake mama wa rika lake wameshazikwa karibu wote. Alikuwa amebaki huyu.

Paka mwenyewe alikuwa mdogo, ameachishwa ziwa juzijuzi, wa kijivu, na kifua cheupe. Alikuja amefungwa kwenye kipande cha kitenge, kichwa kimetokeza, anatutazama kwa dharau nzuri kabisa. Nilimpenda papo hapo.

Kwetu paka mgeni haachiwi hivi hivi. Unamweka mapajani, unampaka mawese kwenye nyayo zote nne, unamwacha ajilambe. Akimaliza kulamba, njia ya kwao imeshamtoka kichwani. Kama hukumpaka, atarudi alikotoka hata uwe umemvusha mito. Sijui kama ni kweli, ila sijaona mtu wa kwetu aliyethubutu kujaribu bila mawese. Mama akaniagiza kikombe jikoni.

Kaka akatukuta mlangoni. "Mawese? Kwenye marumaru zangu?"

Nikamwambia ni tone tu, la kidole kimoja.

"Mawese yakigusa hapa hayatoki mpaka Yesu arudi," akasema. Akaenda mwenyewe stoo akarudi na chupa ya mafuta ya alizeti, meupe, hayana rangi wala harufu. Mama akayanusa akasema mafuta hayo hayana nguvu. Kaka akamjibu kwamba yana cheti cha ubora. Hivyo ndivyo paka alivyopakwa mafuta yenye cheti.

Siku hiyohiyo, Jumatano, makochi yakafika. Ilikuwa seti nzima, kubwa, ya rangi ya maziwa, imevalishwa nailoni toka juu hadi chini. Kaka aliyaagiza kwa sababu Jumamosi wageni wangetoka Kibondo kuleta posa ya binti yake mkubwa, na inasemekana watu wa Kibondo wakikuta makochi ya mbao wanapunguza ng'ombe. Walioyashusha waliyaingiza kwa kusukuma na kupumzika, kusukuma na kupumzika, mlango wa mbele wazi, wa nyuma wazi. Kaka alikuwa anapiga kelele kuhusu fremu ya mlango. Wifi, mkewe, alikuwa anapiga kelele kuhusu nailoni. Yalipokaa mahali pake, kaka alifunga mlango wa sebule akatia funguo mfukoni. Jioni mama akauliza, "Paka wangu yuko wapi?"

Tukatafuta. Nilitafuta chini ya kitanda cha mama, ndani ya viatu, nyuma ya magunia ya stoo, kwenye kapu langu la vitambaa, kwenye majivu ya jikoni ambako paka hupenda kulala moto ukizimika. Nilipanda juu ya meza nikafunua mfuniko wa silingi, panya wakanitazama kama mtu aliyekosea nyumba. Wifi naye alitafuta kwa namna yake, yaani alisimama katikati ya ukumbi akaita "paka, paka," halafu akarudi kwenye simu.

"Hatujaangalia sebuleni," nikasema.

"Sebule imefungwa," kaka akajibu.

"Ndiyo maana."

"Imefungwa, hajaingia. Mtu anaingiaje mahali pamefungwa?" Akanitazama kwa huruma, kama mwalimu aliyechoka na mtoto wa mwisho darasani. Huyu ndiye tuliyemsomesha kwa kuuza kahawa ya baba.

Kisha akatoa hukumu. Paka amerudi kwao. Na kwa nini amerudi kwao? Kwa sababu hakupakwa mawese! Alisema hivyo kaka yangu, kwa mdomo wake, akiwa amesimama juu ya marumaru zilezile, uso mkavu. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Yeye hakuona cha kuchekesha. Mila alizozikataa mchana alizihitaji jioni, basi akazivaa kama koti.

Asubuhi wakaenda kwa jirani, yeye na wifi. Niliwafuata kwa sababu niliujua ulimi wa kaka. Jirani alikuwa anapepeta unga. Akasema, "Hajaja huku. Mama yake ndiye huyo kalala pale mafigani, muulizeni." Paka mkubwa akafumbua jicho moja akalifumba.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Kaka akaomba kuangalia ndani. Jirani akasogea pembeni, nao wakaingia. Wifi akainua godoro. Kaka akafunua pipa la unga akachungulia, kana kwamba mjane wa watu angemzika paka kwenye unga anaouza. Nilimvuta shati, akanisukuma mkono. Alipotoka nje, watu wawili watatu wamesimama barabarani, akasema kwa sauti: "Mrundi akikupa kitu kwa mkono huu, angalia ule mwingine."

Jirani aliinama, akapangusa alama za vidole kwenye mfuniko wa pipa, akalifunika. "Mmemaliza?" akauliza.

Jioni ile hakuja. Mama alitoa vigoda viwili kama kawaida, akakaa kwenye kimoja akielekeza sikio upande wa migomba. Giza lilipoingia nikamrudisha ndani. Ijumaa akatoa viwili tena. Nilimweleza kilichosemwa kule, kwa sababu sikuona haki aendelee kusubiri bila kujua. Akasema kwa upole, "Mwana wanje, paka yumo ukutani. Namsikia tangu juzi."

Niliweka sikio ukutani kwake nikasikia kweli, sauti nyembamba mno, halafu kimya. Nikaenda kwa kaka nikadai funguo. Akasema sebule imeshapigwa deki na kupuliziwa marashi, haifunguliwi mpaka Jumamosi. Nikamwambia mama anamsikia. Akasema mama ni mzee, masikio yake yanacheza, na mimi badala ya kumtuliza namchochea. Nikamwambia kwamba anamuua paka na anamuua mama kwa pamoja, na kwamba hata nguzo zake za mbele zina kazi kuliko kichwa chake. Majirani walisikia. Nilitaka wasikie.

Akaenda chumbani kwa mama. Nilikuwa mlangoni nikamsikia. "Mama, wageni wanakuja kesho. Usinitie aibu na habari za paka ukutani. Watu watasema nakaa na mwendawazimu." Mama akasema, "Haya." Yeye ndiye anayekula kwa kaka, analala kwa kaka, dawa zake zinanunuliwa na kaka. Akasema haya, akajifunika blanketi.

Jumamosi wageni wakaja, wanaume watatu wenye makoti na shangazi mmoja mnene aliyefanya kazi ya kuhesabu vitu kwa macho. Sebule ikafunguliwa. Palinuka marashi, na chini ya marashi palinuka kitu kingine, lakini wageni wana adabu. Wakakaa kwenye nailoni, ikalia chini yao kila walipopumua. Mimi nilikuwa napanga soda. Mkubwa wao alianza vizuri, akasalimia, akasifu nyumba, akasema wao ni watu wa Kibondo waliopotelewa na ng'ombe na nyayo zimewaleta hapa. Kaka akaketi wima, akaweka mikono magotini, akafungua mdomo ajibu.

Kochi likasema, "Nyau."

Mzee wa Kibondo akatazama katikati ya miguu yake.

"Ni simu ya mke wangu," kaka akasema. "Ameweka mlio wa kisasa."

Wifi, masikini, akatoa simu akaibonyeza. Kochi likalia tena, mara mbili, kwa uchovu. Yule mzee akainuka taratibu akasema, "Bwana mkubwa, ng'ombe tuliyemfuata hakuwa analia hivi." Shangazi akaziba mdomo kwa kanga, mabega yakamtikisika. Kaka alicheka pia, peke yake, kwa sauti ya juu mno, akaniambia niwashe televisheni.

Sikuwasha. Mama alikuwa amesimama mlangoni, kashika fremu kwa mkono mmoja, na mkono mwingine umeshika kisu cha kumenyea muhogo. Akaifuata sauti. Wageni wakampisha. Akapiga magoti, mwanamke wa umri ule, akaniambia, "Inua." Nikainua kochi upande mmoja, na mzee wa Kibondo, Mungu ambariki, akainua upande wa pili.

"Mama, hilo kochi ni jipya!" kaka akasema. Hilo ndilo lililomtoka.

Mama akapapasa kile kitambaa cheusi cha chini, akagusa pale kilipochanika, akakichana chote. Paka akaanguka mikononi mwake. Alikuwa mwepesi kama soksi, macho yamegandana, mafuta yenye cheti yamemshikia vumbi lote la ndani ya kochi. Sikujali tena soda wala posa, nilikaa chini pale nikalia mbele za watu.

Posa haikuharibika. Watu wa Kibondo walikunywa soda, wakapanga tarehe, wakaondoka na hadithi ambayo najua wameisimulia vizuri kuliko mimi. Walipopotea barabarani kaka akatukusanya akatoa mwongozo: watu wakiuliza, tuseme paka alirudi mwenyewe. Kwa jirani hakuna wa kwenda, yatasahaulika, watu wazima hawagombani kwa paka. Akasema hivyo akikagua tumbo la kochi lililochanwa, na bila shaka alikuwa anafikiria fundi.

Mama akamfunga paka kwenye upande wa kanga yake, akaniambia nimshike mkono. Tukapita kati ya migomba, majani yakitudondoshea maji ya mvua. Safari zote hizo za jioni, miaka yote, jirani ndiye aliyekuwa akivuka kuja kwetu. Mama hakuijua njia. Ilibidi nimwambie penye mzizi na penye tope.

Jirani alituona, hakuinuka. Mama akamtoa paka, akamnyooshea. "Alikuwa kwetu. Alikuwa ndani ya kochi la mwanangu. Nimekuja kukuomba radhi kwa alilosema."

Jirani akampokea, akamtazama macho, akachukua maji ya vuguvugu akaanza kumfuta kwa ncha ya kitenge. Akamwekea maziwa kidogo kwenye kifuniko. Kisha akasema, bila hasira, "Alilosema mwanao nililisikia mwenyewe. Wewe ulisema nini?"

Nikataka kusema kwamba mama alimsikia paka, kwamba alituambia, kwamba walimtisha. Mama akanifinya mkono kwa nguvu sana, nikanyamaza.

"Nilinyamaza," mama akasema. "Nilimsikia paka ukutani, nikajua hunaye, nikanyamaza. Nakula kwake."

Jirani akatikisa kichwa polepole. "Akimaliza maziwa mrudi naye," akasema. "Mimi nilishamtoa."

Hakumkaribisha mama kwenye kigoda, nami nikamkalisha kizingitini. Mvua ikaanza tena, ndogondogo. Paka alikuwa dhaifu, alilamba mara mbili akapumzika, akalamba tena akapumzika. Ilichukua muda mrefu mno kwa maziwa kidogo vile. Yalipokaribia kwisha, jirani alinyoosha mkono bila kututazama, akamwongezea.