Kuulizia Ukoo wa Akina Dunarrick

Kwetu Mombasa, posa ikija huulizii kijana tu, waulizia na ukoo wake. Kwa hivyo Isa alipomposa binti yangu Rukia, nilifunga safari kabla ya kutoa jibu. Isa ni Mmarekani mweusi, Mwislamu, Kiswahili amejifunza chuoni na shikamoo yake haina kasoro. Lakini jina la ukoo wake ni Dunarrick, la Uskoti. Bibi yake aliyemlea anakaa Riverdale Park, mji jirani na wangu hapa Marekani, ila niliona mlezi hawezi kumsema mtoto wake vibaya.

Jumamosi asubuhi niliondoka nyumbani kwangu Greenbelt. Mtandaoni nilikuwa nimempata mzee wa Fairfax mwenye jina hilo, anayekusanya habari zake, naye alinikaribisha kwa simu. Rukia alinisihi: "Baba, please, usini-embarrass. Hao si relatives." Nilimwambia jina adimu namna hiyo halikosi ujamaa.

Fairfax nilifika kabla ya adhuhuri. Mlango ulifunguliwa na Mzungu mrefu mwenye soksi nzito. Nilimweleza nimemjia kama mkubwa wa ukoo, anishuhudilie tabia za kijana wao. Alitabasamu, akanipa chai. Jina, alisema, ni la kilima chenye ngome ya kale; waliokaa hapo wakaitwa hivyo, na hawakuwa wengi. Baadaye wachache walivuka bahari kuja Carolina, kwenye mashamba ya mpunga. Hapo akaweka kikombe chini.

"Hawakulima wenyewe," alisema. "Walimiliki watu, na watu hao walipopata uhuru, wengi walibaki na jina letu. Kijana huyo simjui. Yeye ndiye angepaswa kuulizwa habari zetu."

Njia nzima ya kurudi niliona haya. Nimekwenda kuuliza tabia za mtu kwa ukoo uliowamiliki wazee wake, na bibi wa watu yuko jirani yangu! Greenbelt sikufika, nilipitiliza hadi Riverdale Park.

Bibi alinifungulia akiegemea fimbo. Alisema amekuwa akiningoja tangu siku ya posa, akaanza kabla sijauliza.

"Ana hasira za haraka, na akikasirika hanyamazi. Lakini nilipovunjika nyonga aliacha kazi, akaniogesha mpaka nikasimama tena. Sikumwona kununa hata siku moja."

Sikutegemea aanze na aibu za mjukuu wake, na kwa hilo nilimwamini yote yaliyofuata. Safari ijayo ya namna hii, nitaanzia kwa aliyemlea mtoto. Nilipoinuka kuaga, aliuliza kama harusi itakuwa kabla ya majira ya baridi, maana nyonga yake haipendi barafu.

Nilimwambia itakuwa kabla ya baridi.