Samaki Mwenye Taa Kabatini

Kila nesi anaponipangusa mkono kwa pamba ya spiriti, mimi humwona samaki. Mweusi tii, mkubwa kama ngumi, meno kama sindano, na juu ya kipaji chake kijiti kilichoinama. Mjomba Mutua, aliyefanya kazi kwenye meli ya uvuvi Mombasa, alimleta ndani ya chupa ya jemu iliyojaa spiriti nyumbani kwa Susu, yaani nyanya yangu, kule Kalama nilikolelewa.

Mjomba alitueleza kwamba samaki wa aina hiyo huishi chini kabisa, kusikofika jua, katika bahari kuu zote, hata hii yetu. Ncha ya kile kijiti huwaka. Vijisamaki vikiifuata, jike anavimeza. Dume ni mdogo mno. Humng'ata jike akagandia papo hapo maisha yake yote, hadi damu yao inakuwa moja.

Susu alicheka mpaka akafuta machozi kwa leso. "Ai! Sasa huyo ni bwana ama ni kupe?"

Tangu hapo, kila jioni aliitoa chupa kabatini tukamtazama pamoja.

Shuleni niliposimulia, darasa zima liliniita mwongo. "Jumatatu utabeba hii chupa wajionee," Susu akaniahidi. Sijawahi kuingoja Jumatatu kwa hamu kama ile.

Jumapili akina mama wa kanisa walikuja kwetu kusali. Mmoja akafungua kabati kutafuta vikombe, akapiga mayowe.

"Mama Mutua, hii ni kitu gani ya shetani umeweka kwa nyumba?"

Nikamtazama Susu nikitabasamu, maana alijua kumweleza yule samaki kunishinda.

"Hiyo mimi sijawahi ona," akasema. "Uliza huyu mtoto ameitoa wapi."

Waliniwekea mikono kichwani wakaniombea kwa kelele, kisha wakaenda kuitupa chupa chooni. Susu aliitikia amina pamoja nao. Walipoondoka nilimuuliza kwa nini, huku nalia. "Chupa gani?" akajibu, akiendelea kuchagua maharagwe. Jumatatu nilienda shuleni mikono mitupu.

Nilipokuwa mkubwa ndipo mama aliponisimulia habari za mjane wa ng'ambo ya kilima, aliyechomewa nyumba kwa uvumi wa uchawi. Susu naye alikuwa mjane. Mimi nilikuwa mtoto wa maneno mengi. Angekiri mbele yangu, kesho yake ningemtangaza kijiji kizima. Hilo nalielewa, na huenda ningefanya vivyo hivyo. Lakini aliishi miaka mingi baadaye, nikawa mtu mzima wa kuaminiwa siri, na bado kila nilipoitaja aliniuliza ni chupa gani. Tulimzika akiwa ameniacha mwongo.