Vifaranga wa Kuku wa Jiwe

Kuna siku moja naikumbuka kuliko nyingine zote, mwanangu. Ni siku tuliyomzika baba, kwetu upande wa Tabaka, huko mawe yanakochongwa. Unajua mambo ya matanga: vyombo vya sebuleni hutolewa nje ili watu wapate pa kukaa. Vijana walikuwa wamebeba kabati, kila mmoja akimwelekeza mwenzake.

"Inua kwako!"

"Inua wewe, mimi nimeinua!"

Kabati likainama, na kuku wangu akaanguka kwenye saruji.

Kuku huyo alikuwa wa jiwe. Baba alinichongea nilipokuwa mtoto, wakati surua iliponifungia ndani nisiweze kucheza na wenzangu. Alikuwa mkubwa kama kuku halisi aliyeatamia, mweupe, mwenye michirizi ya wekundu mgongoni. Nilimwekea mahindi. Mvua ikinyesha nilimfunika kwa leso ya mama. Juu baba alimlainisha kama yai, lakini tumboni, ambako hakuna ambaye angetazama, aliacha alama za kisu. Baba alitumia mkono wa kushoto, kwa hiyo alama zake zililala upande ambao za wachongaji wengine hazilali. Nilizoea kumpindua yule kuku nikapitisha kidole hapo mpaka usingizi unichukue.

Nilipoolewa huku Ekerenyo nilitaka kwenda naye, mama akakataa. "Huyu abaki," alisema. "Binti akiacha kitu nyumbani hasahau njia." Basi akabaki juu ya kabati, na hapo ndipo msiba ulipomkuta.

Wale vijana walisimama kama walioua mtu. Sikuwalaumu, mchana ule wote tulikuwa tumechanganyikiwa. Niliokota vipande, nikavitia kwenye mfuko wa unga, na matanga yalipokwisha nikarudi navyo kwangu nikavisukuma chini ya kitanda.

Vilikaa huko muda mrefu. Nikifagia, nausukuma mfuko. Nikitafuta viatu vya watoto, nauvuta. Mdogo wangu Kwamboka alinipigia simu mara nyingi.

"Dada, nipe hata mkia."

"Mkia wa nini?"

"Niuweke tu mahali. Na mimi nilikuwa mtoto wake."

Nikamkatalia. Niliona kama kumgawa yule kuku ni kumzika baba mara ya pili, na maziko ya mara moja yalikuwa yamenitosha. Nilijiambia kwamba akiba haiozi.

Siku moja nikaufungua mfuko. Chini kulikuwa na unga mweupe, mwingi, laini kama poda ya mtoto. Kingo za vile vipande zilikuwa zimeanza kuwa mviringo. Mawe yetu ni laini, mwanangu. Hata ukucha huyakwaruza. Kila nilipousukuma mfuko, vipande vilikuwa vinasagana. Nikageuza kipande cha tumbo kwa haraka. Alama za baba zilikuwa bado zipo, lakini pembeni zilikuwa zimefifia. Akiba yangu ilikuwa inaoza mikononi mwangu mwenyewe, na mimi ndiye niliyekuwa nikijiita mlinzi.

Jumapili iliyofuata, maana Jumamosi sisi ni watu wa Sabato, nilikwenda Tabaka kwa Mzee Ogeto. Yeye na baba walijifunza kuchonga pamoja wakiwa vijana, na waligombana na kupatana maisha yao yote. Nilikuwa na shauri moja tu: amuunge kuku kwa gundi. Alimwaga vipande juu ya gunia, akachovya kidole kwenye ule unga, akanitazama.

"Binti wa Nyamweya, hiki kitu unakiweka au unakisaga?"

"Nakiweka, baba."

"Unakiweka! Ungekawia kidogo ungeniletea unga mtupu, mke wangu akupikie uji."

Nilicheka. Kisha nikalia, kilio ambacho sikukilia hata kaburini. Mzee hakuninyamazisha. Alipanga vipande kama mtu anayetafuta mwanzo wa jambo, akangoja nimalize.

"Gundi itashika mpaka mtoto wa kwanza atakapomgusa," alisema. "Kuku huyu amekwisha, mwanangu. Hilo nisikufiche. Lakini kuku huacha vifaranga."

Akanionyesha jinsi angevikata, kila kifaranga chini yake kiwe kipande cha lile tumbo la zamani. Nilikubali, ila nilimwekea sharti: alama za baba zisiguswe. Nilimwambia kwamba msasa ukipita pale, afadhali nisingekuja kabisa. Maana jiwe lipo tele Tabaka. Mkono wa baba ulikuwa umebaki hapo tu.

"Nimesikia," alisema. "Mkono ule naujua kuliko wewe." Akavitia vipande kwenye beseni la maji viloe, kwani jiwe likilowa hukubali kisu bila kupasuka.

Sasa nikueleze jambo la kwetu ili unielewe. Kwetu kazi ya kuchonga ni ya wanaume, na kazi ya kulainisha kwa msasa na maji mara nyingi hufanywa na wanawake. Kwa Mzee Ogeto ilikuwa ya Nyanchera, mke wa mwanawe. Na baba mkwe na mke wa mwanawe huheshimiana kwa umbali. Hawapeani mkono, hawaketi karibu, na maneno yao mengi hupitia kwa mama mkwe. Heshima hiyo tunaiita chinsoni, nami siidharau. Imezilinda nyumba nyingi. Basi Mzee alipomaliza kuchonga, alimwagiza mkewe amwambie Nyanchera asiguse chini ya vifaranga. Lakini mkewe akaitwa ghafla Ogembo kwa dada yake mgonjwa, na ujumbe ukaenda naye.

Nilifika asubuhi kuvichukua. Nyanchera alikuwa ameketi kando ya beseni, vifaranga vimepangwa juu ya gunia vikimetameta kwa maji. Kimoja alikuwa amekishika, kimepinduliwa, na msasa unakwenda.

"Wacha!" nilipiga kelele. "Mama, wacha hapo!"

"Kwani nini? Bado hakijaisha. Huku chini kunakwaruza."

"Hapo pakwaruze! Hapo ndipo alipo baba yangu!"

Aliuachilia msasa majini kama aliyeungua. "Uui! Mbona hakuna aliyeniambia?"

Mzee alikuwa upande wa pili wa uwanja akinoa kisu. Alikohoa, akatazama migomba. "Mgeni," aliniita, "mwambie huyo mama kwamba nilimwagiza."

Nyanchera naye akainamia beseni. "Mwambie baba ujumbe haukunifikia."

"Mwambie basi si kosa lake. Ni langu, niliyelituma neno bila kuuliza kama limefika."

"Amesema si kosa lako," nikamwambia Nyanchera.

"Nimesikia," alijibu, na hapo kicheko kikamponyoka, hata nami, hata mzee kule upande wake. Watu wawili waliosikiana vizuri kabisa, na mimi katikati nikibeba maneno kama mchukuzi!

Kisha nikaacha kucheka. Nilipiga magoti nikavigeuza vile vifaranga kimoja kimoja. Cha kwanza: alama zipo. Cha pili: zipo. Nyanchera alikuwa na desturi ya kumaliza migongo yote kabla ya kugusa chini, na alikuwa ndiyo kwanza ameanza kugeuza. Sijui kama nilimshukuru Mungu kwa sauti au kimoyomoyo. Najua tu kwamba kifua kilifunguka kama mlango uliokuwa umekwama.

Kile alichokishika Nyanchera kilikuwa laini chini kama juu. Mzee alikikagua kwa mbali, akasema, "Ningeweza kukikata upya. Lakini mimi natumia mkono wa kulia. Alama zingelala upande mwingine, na ningekuwa nimekudanganya."

"Kiache," nilimwambia. "Hicho ni changu."

Nilidhani hapo nitalia tena. Sikulia. Mimi kidole changu kilikuwa kimepita kwenye zile alama utoto wote. Wengine ndio waliohitaji mahali pa kuzigusa.

Nikapita nyumbani kwa mama. Tangu msiba alikuwa anakaa jikoni tu, sebuleni hakanyagi. Nilimpa chake. Alikitazama uso, akakipindua, na kidole gumba kikaanza kutembea taratibu pale chini.

"Mvivu wa msasa, mume wangu," alisema. "Nilimwambia kila siku."

Akacheka, mwanangu. Kisha akainuka, akakipeleka sebuleni, akakiweka mezani na kuketi kando yake, akaniambia nimletee chai huko huko. Kwamboka alipata chake, kaka yetu chake, na kila mwanangu chake. Nikienda kuwatembelea hukikuta dirishani au kando ya redio, na mjukuu mmoja hulala nacho mkononi. Chini ya kitanda changu siku hizi kuna viatu tu.

Nakupa basi haya, wewe uliye na msiba na kitu kilichovunjika ambacho huthubutu kukitazama. Kilichovunjika usikifiche ukadhani umekitunza. Kilete mwangani, umwonyeshe anayejua kazi, na uwape wenzako sehemu yao, maana aliyekufa hakuwa wako peke yako. Sehemu unayoipenda zaidi itaje kwa mdomo wako, kwa mtu yuleyule atakayeishika. Usimwachie mwingine akusemee. Heshima si utumwa, na neno lililonyooka halimvunjii mtu heshima. Na kikipotea kidogo katika kutengeneza, kubali. Kidogo hakikosi kupotea.

Mungu akufute machozi kwa wakati wake. Akupe ndugu wa kukupigia simu hata ukiwakatalia, na wazee wa kukuambia kweli huku wakikuchekesha. Nyumba yako isikose watu, na ulale usingizi mwema.