Kalamu Nyekundu ya Mwalimu Nashipae

Harufu ya vitunguu vikikaangwa hunirudisha kwenye chumba cha Mwalimu Nashipae hapa Kitengela, pazia la maua likitenga kitanda na jiko. Leo vijana wanamjua kwa riwaya zake. Mimi nilimjua akitufundisha Kiswahili darasa la saba, mwembamba, mpole wa sauti, viatu vimejaa vumbi kama vyetu.

Mwaka huo mama yangu alifariki kule Magadi, baba alikokuwa akifanya kazi kiwandani. Nililetwa kwa shangazi, na shuleni nikaacha kabisa kuzungumza. Haukuwa ukaidi, maneno yalikataa tu kutoka. Wenzangu wakaniita Bubu. Mwalimu mkuu akamwambia shangazi kwamba nisipobadilika muhula huo, anitafutie shule nyingine.

Jumamosi moja Mwalimu Nashipae aliomba nitumwe kwake. Nilidhani ningechapwa, au, vibaya zaidi, ningeombewa. Alinipa chai, akaniwekea daftari mapajani, akarudi kwenye sufuria yake. Alisema ameandika hadithi ya msichana aliyefiwa na mama, lakini hana hakika kama imekaa sawa.

Nilisoma polepole. Kwenye mazishi, msichana yule alilia hadi akazimia. Nikasoma tena, shingo ikipata moto.

"Hakulia," nikasema. Sauti ilitoka ikikwaruza, hata mimi nikaishangaa.

Mwalimu hakugeuka. "Alifanya nini?"

"Alikuwa anaangalia viatu vya watu, aone kama vya mamake viko."

Akaja na ile kalamu nyekundu aliyotusahihishia nayo, akanipa.

"Kata hapo. Andika vile ilikuwa."

Niliandika hadi chakula kikapoa. Jumamosi zilizofuata nilirudi, na kabla ya muhula kwisha nilikuwa nikibishana naye darasani. Habari ya kuhama haikutajwa tena.

Kitabu chenye hadithi ile kilipochapishwa nilikuwa na watoto wawili. Nilikisoma nimesimama dukani. Katika mazishi hakuna kilio, kuna viatu. Kwa muda mrefu niliwaringia wanangu kwamba nilimsahihisha mwandishi.

Juzi nilimuuliza yale mazishi ya kwanza aliyatoa wapi. Akaniambia, bila haraka, kwamba yalikuwa ya mama yake, huko Kajiado, yeye akiwa darasa la nne. Aliyelia hadi akazimia alikuwa yeye.

Alinipa kalamu nikifute kilio chake, ili mimi nipate pa kusemea changu.