Mikato Mitatu Chini ya Mdomo wa Chungu

Mama yangu aliitwa Kalunde, na hasira yake haikuwa ya kelele. Akikasirika alinyamaza, akakaa chini, akaendelea kufinyanga. Watu wa Kalamba walimwona mpole. Mimi niliyelala naye nyumba moja nilijua kwamba hasahau kitu, na ukimkosea mwaka huu atakulipa siku atakayotaka yeye. Nimemrithi kwa hilo, kwa hiyo msinitazamie niwe na huruma.

Udongo wetu ulikuwa mweusi, ule wa bondeni unaong'ang'ania miguu mvua ikinyesha, na jua likiwaka unapasuka nyufa za kumeza kisigino. Wafinyanzi wengi waliukataa, maana ukiufinyanga peke yake unapasuka kabla haujakauka. Mama alikuwa na dawa yake. Alichukua vyungu vikuukuu vilivyovunjika, akasaga vigae vyake juu ya jiwe hadi vikawa chenga, akazikanda na udongo. Ndiyo maana vyungu vyake vilikuwa na ngozi ya kukwaruza. Wanunuzi walisema chungu laini kinateleza mkononi ukiwa na haraka, lakini cha Kalunde hakitelezi, na kinakaa motoni miaka. Alianza na mdomo, akajenga mabega na tumbo kwa kamba nene za udongo alizoviringisha, akakiacha kikaze, kisha akakigeuza na kufunga kitako mwisho. Baada ya kukichoma alikifukiza kwa samadi na majani makavu ili weusi ukolee.

Chini ya mdomo, udongo ukiwa bado mbichi, alikata alama yake kwa ukucha wa kidole gumba: mikato mitatu iliyosimama na nukta moja pembeni. Kwetu kila mfinyanzi alikuwa na alama yake. Ya mama ilitoka kwa mama yake, naye aliipata kwa mama yake. Mimi Kasyoka, binti yake wa pekee, ningepewa siku ya kuolewa. Nilikuwa na miaka kumi na saba, mkono wangu ulikuwa umeshakuwa mzuri, na vyungu vyangu vilikuwa bado vinatoka bila alama. Niliisubiri ile mikato mitatu kuliko nilivyomsubiri huyo mume.

Ndululu alikuwa mke wa mjomba wangu Nzomo, ndugu wa mama. Alipoolewa hakujua hata kukanda. Mama alimkalisha kando yake, akamshika vidole, akamfundisha kujenga na kuchoma. Kutayarisha udongo hakumfundisha. Hiyo ilikuwa kazi ya mama na mimi, ndani, na Ndululu alikuta donge tayari.

Mwaka wa 1950 homa ilimlaza mama miezi mitatu. Ndululu alikuwa akija kuchukua udongo tulioutayarisha, akisema ni vibaya ukauke bure, na mimi nikamwambia asante. Nikiikumbuka ile asante naona haya hadi leo.

Mama alipopata nguvu tulipakia vyungu juu ya punda tukaenda mji wa Sultan Hamud kwa Othman, mfanyabiashara mwenye asili ya pwani. Yeye ndiye aliyekuwa akinunua kazi yetu na kuipeleka mbali kwa gari la moshi. Alitoka dukani akimtazama mama kama mtu aliyefufuka.

"Karibu, Mama Kasyoka. Mimi nilisikia umeacha kazi. Wifi yako alisema umemwachia yeye pamoja na alama."

Alituonyesha. Safu nzima ya vyungu vyeusi ukutani, na chini ya kila mdomo mikato mitatu na nukta. Mama aliinua kimoja, akakigonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza mlio, akakirudisha polepole.

"Ni kizuri," alisema. Tulifika nyumbani siku ya pili.

Alikwenda moja kwa moja kwa ndugu yake. Nzomo alicheka. "Dada yangu, ni hiyo mikato mitatu tu inakuleta hapa mbio namna hii? Acha huyu naye apate kidogo."

Ndululu alikuwa akipepeta mahindi, wala hakuacha. "Wewe si ulikuwa mgonjwa? Mimi nilikuwa nashikilia jina lako lisipotee. Sasa Bwana Othman amezoea hiyo alama. Nikileta ingine hatachukua."

"Sawa," mama akasema. Mtu asiyemjua angedhani ameridhika.

Haukupita mwezi, Ndululu akaishiwa na udongo wetu. Akachimba wake, ukapasuka wote kivulini. Akaja kwetu na kikapu cha viazi vitamu, sauti imelainika, akauliza kile kinachoufanya udongo wa mama ukwaruze ni nini.

Hapa lazima niwaeleze mawe meupe. Ndani ya udongo mweusi wa bondeni kuna vijiwe vyeupe, vidogo kama punje za maharagwe. Kazi yangu ya kwanza utotoni ilikuwa kuvitoa kimoja kimoja, na nikiacha kimoja nilichapwa. Nyanya yangu alivipuuza mara moja tu. Vyungu vilitoka motoni vizima, vikakaa siku kadhaa vikipendeza, kisha unyevu ukaviingia vile vijiwe, vikafura, vikarusha vipande vya chungu huku na huku. Alipoteza kazi ya mwezi mzima.

Mama aliendelea kulainisha bega la mtungi kwa kipande cha kibuyu. "Ni yale mawe meupe," alimwambia Ndululu. "Yasage, uyachanganye. Usiogope kuweka mengi."

"Na mimi nilikuwa nayatupa?"

"Ulikuwa unatupa utamu wenyewe."

Mimi ndimi niliyesimama nikachukua kikapu. Nilishuka na Ndululu bondeni, nikamwokotea mawe hayo kwa mikono yangu, nikamsaidia kuyasaga. Nilifurahi sana. Kila nilipovuta jiwe la kusagia nilikuwa nikimwona Othman akimfukuza mlangoni, na Nzomo akikosa cha kucheka.

Vyungu vyake vilitoka motoni vimenyooka, vina ngozi ile ile ya kukwaruza. Alivipeleka kwa punda wanne wakienda pamoja, na Othman akavichukua vyote, akauza vingi pale pale sokoni. Mama alimsindikiza mpaka njia panda. Kisha mvua za Novemba zikaanza, nasi tukakaa mlangoni tukingoja kama watu walioalikwa karamu.

Wa kwanza kufika alikuwa mwanamke mmoja mrefu nisiyemjua, amelowa mpaka magotini. Tulimwona akija, nikamwambia mama kwamba huyu atakuwa anamtafuta Ndululu. Hakumuuliza mtu njia ya kwa Ndululu. Aliingia kwetu, akafungua kitambaa, akaweka kigae chini mbele ya mama, alama ikitazama juu.

"Maharagwe ya watoto wangu yamemwagika motoni," alisema. "Hii mikato ni ya nani?"

Jambo hilo halikuwa limetujia akilini. Wanawake wawili wenye akili zao, tumekaa wiki nzima tukihesabu furaha, na hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba kila chungu kibovu kilikuwa kimeandikwa Kalunde. Hasira ilikuwa imetujaza macho.

Siku nne zilizofuata walikuja wengine kumi na mmoja. Othman alirudisha kwetu vyungu vilivyokuwa vimebaki stoo kwake, vikilia pa, pa, juu ya punda, na akamtuma mtu aseme kwamba alama ile isionekane tena mlangoni pake. Mama alijaribu kusema si kazi yake. Ndululu alisimama uani kwetu mbele ya wale wanawake, mikono kifuani, wala hakuhitaji kudanganya.

"Muulizeni nani alinifundisha," alisema. "Muulizeni nani aliniambia niweke mawe. Huyu msichana wake ndiye aliyaokota."

Wote wakanitazama. Mama naye akanitazama, kisha akatazama vidole vyake.

Chungu kikivunjika kwetu hakitupwi, husagwa kikaingia katika chungu kingine. Vile havikuwa na pa kuingia, vingeharibu na vingine. Tulichimba shimo nyuma ya nyumba tukavifukia, na wiki nzima baadaye mvua ikinyesha tulikuwa tukivisikia vikipasuka chini ya udongo.

Ndululu alijitungia alama nyingine, viduara viwili. Aliyekuwa hana alama ya nyanya yake hakupoteza kitu. Alirudia kutoa mawe, akahangaika mpaka akagundua siri ya vigae, na mwaka uliofuata alikuwa tena ukutani kwa Othman. Simsamehe. Ningekutana naye leo ningemwambia hivyo.

Niliolewa mwaka wa 1952. Asubuhi ya kuondoka nilimletea mama chungu kibichi nilichokifinyanga mwenyewe, nikashika kidole chake gumba. Alikitoa mkononi mwangu taratibu. "Nikupe nini sasa, Kasyoka?" aliuliza. Nilikasirika hadi nikalia, na sijui nilikuwa nikimkasirikia yeye au mimi.

Mwaka ule ule nilimfuata hadi soko la Mbooni, alikokuwa amehamishia biashara kwa sababu huko juu hakujulikana sura. Alikuwa akiuza vyungu vile vile, vyeusi, vya kukwaruza, bila alama. Mzee mmoja wa kike alikipapasa kimoja, akakiinua, akatazama chini ya mdomo.

"Mkono huu naujua," alisema. "Hivi si vya yule Kalunde wa Kalamba, wa kupasuka?"

Nilifungua mdomo. Mama akaniwahi.

"Hapana, mama," alijibu. "Yule alikufa, na hakuacha binti."

Yule mzee alisema pole, akachagua viwili, akaenda zake. Mama alisogeza vilivyobaki kuziba nafasi. Nami nilikuwa nimekaa kando yake, bega kwa bega.